Dola moja ya WhatsApp

Kama ulikuwa na simu janja mwaka 2012 au 2013, ule ujumbe ulikufikia. Kwamba kuanzia Jumamosi WhatsApp inaanza kulipisha, na ukitaka ibaki bure uutume kwa watu kumi haraka. Kwetu uliletwa na shangazi, ukarudishwa na mpangaji mwenzetu, ukaja tena kupitia kundi la tuliosoma pamoja, na kila mara alikuwepo mtu mzima na akili zake aliyekesha akiusambaza. Ulikuwa uzushi. Nilichokuja kukijua baadaye ni kwamba uzushi ule ulikuwa umedandia jambo la kweli: WhatsApp ilikuwa na ada. Senti 99 za dola kwa mwaka, baada ya mwaka wa kwanza wa bure. Kwa fedha za Tanzania za wakati ule ni kama shilingi 1,600, soda mbili na chenji ikabaki. Sikumbuki mtu hata mmoja ninayemfahamu aliyeilipa.

Ada ile haikutokana na tamaa. Jan Koum na Brian Acton, walioanzisha WhatsApp mwaka 2009, walikuwa wametoka Yahoo, kampuni iliyoishi kwa matangazo, na walikuwa wameyachoka. Acton alimwandikia mwenzake kikaratasi kilichokaa mezani kwa Koum: hakuna matangazo, hakuna michezo, hakuna ujanja-ujanja. Mwaka 2012 Koum akaandika hadharani kwamba tangazo likishaingia, mtumiaji ndiye anayegeuka bidhaa. Dola moja ndiyo iliyokuwa bei ya kutogeuzwa bidhaa.

Februari 2014 Facebook ikatangaza kuinunua WhatsApp kwa dola bilioni 19. Januari 2016 ada ikafutwa, na sababu iliyotolewa ilikuwa ya kiungwana: watumiaji wengi hawana kadi za benki, na walikuwa wakihofia kwamba mwaka ukiisha watapoteza mawasiliano na ndugu na marafiki. Acton akaondoka mwaka 2017, Koum mwaka uliofuata. Juni 2025 kampuni ikatangaza kwamba matangazo yanaingia WhatsApp, kwenye ukurasa ule ule tunakotazama stetasi za watu.

Sasa, katika biashara hii ya kuondolewa dola na kupewa tangazo, sisi watumiaji tulipata au tulipunjwa? Nimelizungusha swali hili kwa muda. Nadhani tulipata, tena kwa kiasi kikubwa, na tulipunjwa pia, ila si pale ambapo watu wengi huelekeza kidole.

Nianze na tulichopata, kwa sababu waandishi wa mambo haya wana tabia ya kukipitia mbiombio ili wafike kwenye lawama. Mwanafunzi wa kidato cha nne Nachingwea akiandika swali la hesabu kwenye Google, anatumia mashine ile ile anayotumia profesa wa Boston. Hakuna toleo la maskini. Fundi wa pikipiki hutazama YouTube jinsi ya kufungua kabureta ya modeli asiyowahi kuishika, akamrudishia mteja chombo chake jioni ile ile. Linganisha na king'amuzi cha televisheni: siku kifurushi kinapoisha, picha inakatika, hata kama mtoto alikuwa katikati ya katuni. Huduma inayolipiwa na mtangazaji haimkatii mtu picha.

Wachumi wamejaribu kuipima faida hii. Erik Brynjolfsson na wenzake waliwauliza Wamarekani ni fedha kiasi gani mtu alipwe ili akubali kuishi mwaka mzima bila huduma fulani. Kwa injini za kutafuta, mtu wa katikati alitaka zaidi ya dola 17,000. Kwa barua pepe, zaidi ya 8,000. Kwa mitandao ya kijamii alishuka hadi dola mia tatu na ushee. Hizo ni hesabu za Marekani na haziwezi kuhamishiwa Tandale kama zilivyo, lakini mpangilio wake unaeleza jambo: vitu tunavyovipata kwa kutazama matangazo vina thamani kubwa kuliko muda tunaopoteza kuyatazama, na vyenye thamani zaidi si vile vinavyotugandisha kwenye kioo usiku kucha.

Kuna upande wa muuzaji pia, na muuzaji wa kwetu mara nyingi ndiye huyo huyo mlaji. Zamani kutangaza ilikuwa kazi ya kampuni za bia na za sabuni. Mtu mwenye meza ya madera Kariakoo hakuwa na njia ya kununua nafasi gazetini. Leo anaweka shilingi elfu kumi, anachagua wanawake wa umri fulani walioko Dodoma na Singida, na kufikia jioni simu inaita. Apple ilipoanza mwaka 2021 kuwauliza wenye iPhone kama wanakubali kufuatiliwa na programu, wengi walikataa, na Meta, kampuni mama ya Facebook na WhatsApp, ikasema uamuzi huo ungeipunguzia mapato kwa kama dola bilioni 10 katika mwaka 2022. Kampuni ilijificha nyuma ya wafanyabiashara wadogo ilipokuwa ikilalamika, na ni rahisi kuicheka, lakini wafanyabiashara wale hawakuwa wa kubuni. Anayetaka matangazo ya kumlenga mtu yafutwe yote kesho asubuhi ajue kwamba mwenye kiwanda atarudi kwenye televisheni, na mwenye meza ya madera atarudi kukaa kimya.

Halafu kuna zawadi ambayo hatuizungumzii kabisa. Katika robo ya mwisho ya mwaka 2023 Facebook iliingiza wastani wa dola 68 kwa kila mtumiaji wa Marekani na Kanada. Kwa mtumiaji wa kundi ambalo kampuni inaliita tu sehemu nyingine za dunia, Afrika ikiwemo, wastani haukufika dola 6. Huduma ni ile ile. Kwa maana hiyo, anayetazama tangazo la bima ya gari kule Ohio anasaidia kulipia picha za harusi tunazopandisha kutoka Tabora.

Ila zawadi ina tabia ya kukueleza cheo chako. Igeuze hesabu hiyo uitazame kwa nyuma: mtu wa dola 68 ni mteja, mtu wa dola 5 ni idadi. Kampuni ikiwa na mhandisi mmoja wa kuongeza na nchi ishirini za kuchagua, itampeleka kwenye soko lenye fedha. Hapo ndipo ninapoona tumepunjwa kweli. Kelele nyingi zinapigwa kuhusu faragha, na faragha ni muhimu, nitaifikia. Lakini madhara ninayoyaona kwa macho ni ya mtu anayehudumiwa na kampuni ambayo si yeye anayeilipa, na hata wanaoilipa kwa ajili yake hawalipi sana.

Tazama lugha. Ulinzi wa mitandao hii umejengwa kwanza kwa Kiingereza. Desemba 2022 Abrham Meareg, raia wa Ethiopia ambaye baba yake, profesa wa kemia, aliuawa mwaka 2021 baada ya machapisho ya Facebook kumtaja na kuwachochea watu dhidi yake, alifungua kesi dhidi ya Meta katika Mahakama Kuu ya Kenya, yeye na mtafiti Fisseha Tekle pamoja na taasisi ya Katiba ya Nairobi. Madai yao yanagusa moja kwa moja biashara ya matangazo: kwamba mfumo unaopanga kipi kionekane juu huyasukuma machapisho ya chuki kwa kuwa yanawabakisha watu kwenye kioo, na kwamba kampuni iliweka watu wachache mno wa kusimamia maudhui ya ukanda huu. Aprili 2025 mahakama ikaamua kwamba ina mamlaka ya kusikiliza shauri hilo. Hukumu yenyewe ni jambo jingine. Mimi kinachonishika ni kwamba ilibidi mtu afike kwa jaji ndipo swali la nani anasoma malalamiko ya Kiamhari, au ya Kiswahili, lipate pa kuulizwa.

Na tazama matangazo yenyewe. Wanaoishi Ulaya hulalamika kwamba wametafuta viatu mara moja na sasa viatu vinawafuata wiki nzima. Laiti vingetufuata viatu. Mtu ninayemfahamu vizuri alitafuta mtandaoni shule ya bweni yenye ada nafuu, na kwa siku kadhaa simu yake ikawa inamletea mikopo ya papo kwa papo, isiyohitaji dhamana. Akachukua laki mbili. Alipochelewa siku nne, programu ile ikawaandikia watu walioko kwenye orodha ya namba zake, mchungaji wake akiwemo, kwamba huyu ni mwizi. Tangazo lilikuwa limemlenga sawasawa. Lilimpata akiwa na shida, na hiyo ndiyo kazi ambayo mfumo uliundwa kuifanya.

Hakuwa peke yake. Kenya ilibadili sheria ya benki kuu mwishoni mwa mwaka 2021 ili kuwabana wakopeshaji wa kidijitali, na mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ikampiga mkopeshaji mmoja, Mulla Pride, faini ya karibu shilingi milioni tatu za Kenya kwa kutumia namba za watu wengine kuwasumbua. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ikatoa orodha ya programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Ongeza hapo kamari, dawa za kuongeza hiki na kupunguza kile, na ile mipango ya upatu inayomwahidi mtu kulipwa kwa kutazama video za matangazo, ambayo sijui kama kuna kejeli kubwa kuliko hiyo: miaka yote unatazama bure, anakuja tapeli kukwambia kwamba sasa utalipwa, ila kwanza weka elfu hamsini.

Kampuni husema zinapambana na utapeli, na zinapambana. Lakini Novemba 2025 shirika la habari la Reuters liliripoti, kutokana na nyaraka za ndani za Meta, kwamba kampuni yenyewe ilikadiria karibu asilimia 10 ya mapato yake ya mwaka 2024, kama dola bilioni 16, yangetokana na matangazo ya utapeli na ya bidhaa zilizokatazwa. Meta ilijibu kwamba makadirio yale yalikuwa ya juu juu na yalibeba hata matangazo halali. Sawa, yagawe mara mbili. Bado ni fedha ambazo meneja yeyote atazifikiria mara mbili kabla ya kuzikata.

Kisha lipo jambo la bando, ambalo nashangaa halitajwi kwenye mijadala ya wenzetu, labda kwa sababu wao intaneti imeunganishwa ukutani kama maji. Sisi tunainunua kwa MB. Video ya ubora wa kawaida hupita kwa kasi ya kama megabiti moja kwa sekunde. Tangazo la sekunde 30 ni karibu MB 4. Ukikutana na kumi kwa siku, mwezi unakwisha umelipia zaidi ya GB moja ya matangazo. Kwa bei za bando ninazounga mimi, gharama hiyo ya mwaka mzima inaipita mara nyingi dola moja ya WhatsApp. Ni kweli, hapa ninachanganya video na ujumbe mfupi, na ujumbe wa WhatsApp haukuwahi kula MB hizo. Lakini ukijumlisha programu zote zilizoko kwenye simu moja, neno bure linaanza kupauka. Mwenye gazeti hakuwahi kunidai nauli ya kurasa za matangazo.

Nilisema nitafika kwenye faragha. Mwaka 2018 dunia ilijua kwamba taarifa za akaunti za Facebook zipatazo milioni 87 ziliangukia mikononi mwa Cambridge Analytica, kampuni ya Uingereza ya ushauri wa kampeni za siasa, na meneja wake mmoja akanaswa na kamera ya siri ya televisheni ya Uingereza akijisifu kwa kazi waliyofanya katika kampeni za uchaguzi wa Kenya mwaka 2013 na 2017. Jubilee, chama kilichokuwa madarakani Kenya, kilikiri tu kwamba kampuni mama ya Cambridge Analytica iliajiriwa kwa kazi ya kukijengea chama sura. Mimi siamini kwamba Mkenya alibadilishiwa kura yake na tangazo la kwenye simu. Wanasiasa wetu wana njia kongwe zaidi. Kinachonisumbua ni kwamba tangazo la namna ile halina shahidi. Bango likisimama Mwenge na uongo wake, mimi na wewe na mpinzani wa mwenye bango tunaliona wote, na asubuhi yake limeshajibiwa redioni. Tangazo linalonilenga mimi ni mnong'ono. Jirani kaambiwa jingine, na hakuna anayejua mwenzake kaambiwa nini.

Husemwa kwamba sisi huku hatujali faragha, na mfano unaotolewa ni foleni za Nairobi za mwaka 2023, maelfu ya watu wakijipanga KICC ili Worldcoin, mradi wa sarafu ya kidijitali, iwapige picha mboni za macho kwa malipo ya kama shilingi 7,000 za Kenya. Serikali ikasimamisha zoezi lile, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa zile zifutwe. Mimi foleni ile naisoma tofauti. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuja hadharani na kutaja bei. Waliojipanga hawakuwa wamedharau taarifa zao. Walikuwa wamezigawa bure kwa miaka kumi kwa kampuni nyingine, na huyu angalau aliweka kitu mezani.

Basi tulipe? Ulaya wamejaribu. Mwishoni mwa mwaka 2023 Meta iliwapa watumiaji wa huko njia mbili: lipa euro 9.99 kwa mwezi kwenye tovuti, au 12.99 kwenye simu, usionyeshwe matangazo. Ama endelea bure na ukubali kufuatiliwa. Bei ya simu ilikuwa zaidi ya shilingi 30,000 za Tanzania kila mwezi. Baadaye bei ikashushwa, na Aprili 2025 Tume ya Ulaya ikaitoza kampuni faini ya euro milioni 200 ikisema huo haukuwa uchaguzi wa haki. Hebu ufikirie mpango huo ukiletwa kwetu. Faragha ingekuwa kama umeme wa jenereta: wenye nazo mwanga usiku kucha, wengine giza. Na kulipa hakukuhakikishii utulivu. Amazon ilianza mwaka 2024 kuingiza matangazo kwenye filamu za watu ambao tayari walikuwa wanalipa. Netflix nayo iliwapa Wakenya mwaka 2021 mpango wa bure usio na tangazo hata moja. Ulifungwa Novemba 2023. Mtu akikupa kitu bila dola na bila tangazo, kihesabie siku.

Kuna Signal, programu nyingine ya ujumbe, ambayo Acton aliiwekea dola milioni 50 baada ya kuondoka WhatsApp, na inaishi kwa michango. Kuna Wikipedia. Naziheshimu, naichangia moja, lakini sioni YouTube ikiendeshwa kwa harambee.

Ninachokiona kinawezekana ni kidogo kuliko hapo, na ndiyo maana naona aibu kidogo kukisema baada ya maneno mengi namna hii: turudi kwenye bango. Tangazo lifuate mahali, lisimfuate mtu. Kwenye ukurasa wa mpira, uza jezi. Kwenye video ya mapishi, uza sufuria. Anayetafuta kabureta, mwonyeshe duka la vipuri. Shirika la utangazaji la umma la Uholanzi lilifanya hivyo Januari 2020: liliacha kabisa kuwafuatilia watazamaji na likauza matangazo kwa kuangalia tu kipindi kinachotazamwa. Mapato ya mtandaoni ya mwezi huo yalipanda kwa asilimia 62 kulinganisha na Januari iliyotangulia, mojawapo ya sababu ikiwa ni kwamba madalali wa katikati hawakuchukua tena fungu lao. Ni shirika moja, la nchi tajiri, lenye jina linaloaminika, kwa hiyo sitalifanya kuwa msahafu. Lakini linatosha kuwajibu wanaosema kwamba bila kufuatiliwa hakuna kula. Hata Google ilianza hivyo: neno uliloandika ndilo lililoleta tangazo, basi. Waanzilishi wake wawili, katika maandiko yao ya kitaaluma ya mwaka 1998, walikuwa wameonya kwamba injini ya kutafuta inayolishwa na matangazo itawaegemea watangazaji na kuwapa kisogo wanaotafuta. Miaka miwili baadaye wakaanza kuuza matangazo. Agosti 2024 Jaji Amit Mehta wa Washington alipoamua kwamba Google ni mhodhi wa soko, alisema pia kwamba imeweza kupandisha bei ya matangazo ya maandishi bila kuogopa mshindani. Nyongeza ile haibaki kwa mtangazaji. Inashuka mpaka kwenye bei ya sabuni.

Mwenye meza ya madera atapoteza kitu kwenye mpango huu wa bango, sitaki kumdanganya. Hatamchagua tena mama wa miaka 35 wa Singida anayependa harusi. Lakini kurasa za mishono na harusi zitabaki, na mama yule yuko huko.

Sheria za kuanzia tunazo. Kenya ina ya mwaka 2019, inayomzuia mtu kuzitumia taarifa zako kibiashara bila ridhaa yako. Ya Tanzania ilipitishwa mwaka 2022, ikaanza kufanya kazi Mei 2023, na inakupa haki ya kuzuia taarifa zako zisitumike kukutangazia biashara. Mwaka 2023 Kenya iliipiga klabu moja ya starehe ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja aliyekuwa akiburudika, bila ridhaa yake. Nilifurahi, nikajiuliza pia: klabu ina mlango, ina meneja, ina mtaa. Kampuni inayojua mteja yule alilala saa ngapi jana utaipelekea hati wapi?

Nirudi kwenye dola. Ile sababu ya mwaka 2016, kwamba watu hawana kadi za benki, ilikuwa kweli tupu, na ilikuwa na tundu pia. Mwaka huo watu wasiokuwa na kadi walikuwa tayari wananunua umeme wa Luku na kulipa ada za shule kwa simu. M-Pesa ilikuwa na miaka tisa Kenya na minane Tanzania. Kukusanya shilingi 2,000 kwa mwaka kutoka kwa mtu wa Tabora hakukuwa jambo lisilowezekana. Lilikuwa jambo lisilo na haraka kwa kampuni iliyoona kwamba kumuuza mtu yule kidogo kidogo kutalipa zaidi. Hapo ningetaka tuwe na mlango wa pili: bei ndogo, ya kwetu, kwa simu, kwa anayetaka, na anayebaki bure aonyeshwe bango na si mnong'ono.

Ule ujumbe umerudi tena mwezi uliopita, na aliyeuleta ni yule yule. Nikampigia. Shikamoo shangazi, marahaba mwanangu, habari za huko, nikamweleza kwamba ni uzushi, kisha nikamuuliza: wakija kweli wakakudai elfu mbili na mia tano kwa mwaka, kwa M-Pesa, utatoa? Akafikiri kidogo. Akasema atatoa, hizo si fedha za kumfanya akose kuongea na wajukuu. Ila wasije wakamwondolea yale matangazo ya vitenge, maana hapo ndipo anapoona mitindo mipya.